Jina Lako Kwenye Kura ya Kijiji

Mpendwa Shangazi,

Macho yako yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Miaka yote ile kijijini Murangi ulikuwaga unabanika sangara nyuma ya nyumba, nikikusogelea unanifukuza: "Toka hapo, ukiharibu macho kama yangu nani atakuoa?" Kisha unanipa mkia wa samaki ungali wa moto. Nakukumbuka sana.

Wiki iliyopita walimu tuliitwa semina hapa Musoma. Wageni wametoka nchi mbalimbali, wanazunguka dunia kufundisha watu kupinga chuki dhidi ya Wayahudi, maana wanasema inapanda tena, na chuki nyingine za dini, rangi na kabila. Nisikudanganye, mwanzoni nilikuwa nawaza chai. Halafu akasimama mama mmoja Myahudi, wa umri wako, akasimulia jinsi bibi yake alivyochukuliwa enzi za mauaji ya Wayahudi, asirudi tena. Majirani ndio waliotoa majina. Akasema kwa upole tu, "Kuna mtu aliyeshika kalamu."

Nikaiweka chini kalamu yangu, Shangazi.

Ile kura ya siri unaijua. Watoto walikuwa wamefariki mfululizo, mkutano wa kijiji ukaamua kila mtu aandike jina la mchawi. Mimi nimetoka kumaliza kidato cha nne, nina mwandiko mzuri, nikapewa kazi ya kuwaandikia wasiojua kuandika. Wakaja mmoja mmoja kuninong'oneza. Jina lako, tena jina lako, kisa mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Mimi niliyeujua ule moshi sikufungua mdomo. Kesho yake ukafungasha ukahamia Kabasa, kule Bunda, ukafia kwenye chumba cha kupanga. Nilipokuja kukuona huko, ukiwa bado hai, ulinipikia ugali kwa sato, ukaniambia, "Ulikuwa mtoto, mwanangu. Walikutuma tu." Nikala, nikaaga.

Kwenye semina niliinuka nikasimulia habari zako. Nikasema wanakijiji walikuandika. Watu wakanipigia makofi, yule mama akanikumbatia huku analia. Jamani, yale makofi yameniumiza. Tangu nirudi kwangu Kitaji sijasahihisha hata daftari moja.

Kuna jambo hukuniuliza, nami sikukuambia. Nilipomaliza kuwaandikia wengine, ilibaki karatasi yangu. Niliogopa. Nilijua nisipoandika kitu watasema namficha shangazi yangu, kesho nitatajwa mimi. Hapo hakuna aliyeninong'oneza. Niliandika jina lako, nikaikunja ile karatasi, nikaitumbukiza na zile nyingine.

Pumzika, Shangazi. Sitaki kukuomba msamaha wakati huwezi kunikatalia. Nimetaka tu ujue siku ile Kabasa ulikuwa unampikia nani.

Mwanao,
binti wa kaka yako