Mtoto Aliyesubiri Chombo Kishuke

Kibirizi,
24 Agosti 2025

Mume wangu Elikana,

Salamu kwanza. Natumaini hujambo, maana mara ya mwisho ulilalamika mgongo kwa kile kitanda cha chuma cha melini. Sisi huku hatujambo. Mama yako mzima, isipokuwa magoti. Mimi nimekuwa mzito na miguu imevimba, kliniki wanasema ni kawaida ya mwezi wa mwisho.

Simu yangu kioo kimekufa. Naandika kwenye daftari, Agnesi jirani anapiga picha na kukutumia, ukifika penye mtandao utasoma. Usijibu mambo ya chumbani, Agnesi anasoma yote.

Nasikia roketi yenu imeahirishwa tena. Hii ni mara ya tatu. Taarifa tunapata kwa Castory, yule anayechaji simu pale mwaloni, boti zinaposhusha samaki. Siku hizi anaifuatilia kuliko mpira. Tukipita na mabeseni ya dagaa anatupa habari: leo upepo, leo bomba linavuja. Mama Nehemia hataki kuamini kwamba mtu analipa nauli kwenda kukaa kwenye kituo cha angani wiki mbili kisha anarudi. Akauliza, "Wanakwenda kuleta nini?" Castory akamwambia hawaleti kitu, wanafanya utafiti na kuitazama dunia. "Basi waje wanitazamie dagaa, kunguru wananimaliza."

Mimi sikucheka sana. Uliniambia wakipanda, baada ya siku kumi na nne wanashuka baharini, meli yenu inawaokota, mnarudi bandarini, mkataba umekwisha, unakuja nyumbani. Kwa hiyo wakiahirishwa wao, na wewe umeahirishwa. Tumbo langu haliahirishwi.

Mama anakumbusha habari ya jina. Kwenu jina linatoka kwa baba, na analitamka akiwa amempakata mtoto. Nimekubali. Naomba tu uniambie tarehe ya kweli, si ya kunifurahisha.

Mkeo,
Leonia


Bandarini,
3 Septemba 2025

Mke wangu Leonia,

Nakusalimu sana, msalimie na mama, mwambie shikamoo. Mimi mzima, mgongo umepoa.

Tarehe wanasema ni ya 12. Safari hii naona ni kweli, kwa sababu wale wasafiri wanne wamefungiwa mahali pao wasije wakapata mafua. Mmoja ni kiongozi, watatu ni wa kulipiwa safari na nchi zao na makampuni.

Waambie hapo mwaloni kazi yangu ni hii: chombo kinashuka kwa miavuli mikubwa, kinaangukia majini, sisi wa boti ndogo tunakiendea, tunakifunga kamba, halafu winchi inakipandisha melini watu wakiwa bado ndani. Ni kama kuvuta mtumbwi uliojaa maji, ila huu dunia nzima inautazama. Nahodha aliniuliza nimejifunzia wapi mawimbi. Nikamwambia ziwani. Akacheka, anadhani ziwa ni bwawa la bata.

Usimpe mtoto jina. Baba yangu alinitaja akiwa amenipakata, nami nataka iwe hivyohivyo. Mwisho wa mwezi nitakuwa hapo.

Mumeo,
Elikana


Kibirizi,
19 Septemba 2025

Baba mtoto,

Sasa naweza kukuita hivyo. Hujambo? Sisi tumeongezeka. Umepata binti, Ijumaa tarehe 12, kilo tatu na kitu. Nimeshonwa kidogo lakini napona. Analia kama anayedai haki yake mahakamani, na analala mchana tu, ninapotakiwa kuanika dagaa.

Saa ileile nasukuma, mama na Agnesi walikuwa kwenye benchi la nje ya kliniki wanatazama roketi kwenye simu. Agnesi anasema ilipoanza kupanda mama alifumba macho akaomba, na hajui alikuwa anatuombea sisi au wale. Wao waliruka saa tatu na nusu asubuhi, mwanao akatoka saa nne kasoro.

Basi habari ikatangulia mwaloni. Nilivyoshuka kwenye bodaboda, Feliksi mpagazi akapaza sauti na gunia lake kichwani, "Pisheni, Mama Roketi huyo!" Watu wakacheka, mimi pia nilicheka. Wiki imepita, bado wanamwita mtoto Roketi, na mimi nimeacha kucheka.

Juzi alfajiri nilikuwa mlangoni namnyonyesha. Castory alikuwa amesema tutazame juu, kile kituo chao kitapita. Ikatoka upande wa Kongo, nukta nyeupe isiyopepesa, ikalivuka ziwa lote kabla mtoto hajamaliza titi moja. Boti ya mashine inachukua saa ngapi njia ile? Nikahesabu kwa vidole siku zilizobaki wao washuke.

Njoo umpe jina.

Leonia


Baharini,
28 Septemba 2025

Mama mtoto,

Hongera, mke wangu, Mungu akulinde na kidonda kipone. Nimeisoma barua yako mara nne. Nahodha ametupa dakika chache za mtandao, kwa hiyo naandika kifupi.

Walikuwa washuke juzi. Sehemu zote za kushukia zina mawimbi makubwa, wamebaki kwenye kituo, nasi tunazunguka tu tunangoja. Hakuna anayejua siku. Chakula wanacho.

Hiyo ya Roketi imenichekesha, wenzangu wote melini wameipenda. Mwache aitwe hivyo kwa sasa, kuna ubaya gani? Nitakuja kulifuta.

Elikana


Kibirizi,
8 Oktoba 2025

Baba mtoto,

Habari za siku? Sisi wazima, mtoto anaongezeka, kifua changu kina vidonda lakini maziwa yapo.

Umeniuliza kuna ubaya gani. Unamjua mzee Tenga wa kule kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Alipozaliwa, baba yake alikuwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kibiashara, mtoto akawa analazwa kwenye tenga la samaki, watu wakamwita hivyo mpaka baba atakaporudi. Baba alirudi baada ya mwaka na jina zuri kabisa. Nani analijua? Mimi silijui. Hata kanisani wanamwita Mzee Tenga. Majina ya mwaloni hayafutiki, Elikana, na wewe umezaliwa hapa.

Alhamisi tuliwaona wakishuka. Castory aliweka simu juu ya ndoo, tukajazana. Miavuli ilipofunguka Mama Nehemia alipiga vigelegele. Boti ndogo ikatokea, mmoja wenu amesimama mbele na kofia ngumu, uso hauonekani. Mama akasema, "Ni yeye. Mabega yale nimeyabeba mimi." Akakaa chini mchangani akalia kidogo. Kwa hiyo ujue umeonekana nyumbani.

Castory alituonyesha na jambo jingine, la siku za nyuma. Yule mwanamke kati ya wale wanne, akiwa bado kituoni huko juu, amepiga simu kwa mtoto wake na kumwimbia, nywele zimesimama kama ufagio. Nilimtazama sana. Yeye alikuwa angani na mtoto wake amesikia sauti yake. Wewe uko majini tu, na maji nayajua, njia ya kurudi ipo.

Meli imefika bandarini? Unaondoka lini?

Leonia


Kibirizi,
1 Novemba 2025

Elikana,

Natumaini u mzima. Hujanijibu. Agnesi anasema alama zinaonyesha umesoma.

Tarehe 24 nilimpeleka chanjo ya kwanza. Kadi yake imeandikwa "Mtoto wa Leonia". Nesi akauliza jina, kabla sijafungua mdomo wanawake wa benchi wakasema, "Roketi!" Nesi akacheka, akaweka kalamu kwenye kadi. Nikamshika mkono. Nimemwomba asubiri mpaka chanjo ya pili, tarehe 21 mwezi huu.

Na wewe nakupa mpaka siku hiyo. Siandiki kwa hasira. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka hana maneno mengi.

Leonia


Bandarini,
14 Novemba 2025

Mke wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa unyenyekevu. Hamjambo hapo nyumbani? Najua nimekosea kunyamaza. Nilikuwa naanza kuandika, nafuta.

Siku mbili baada ya kuwaokota, nahodha aliniita. Kuna wengine wanapanda Februari, na akanitaka niwe kiongozi wa boti ndogo. Mtu wa ziwani, Leonia, kuongoza wale wazungu. Nikasaini palepale, bila kukuuliza. Kwa hiyo ni mpaka Aprili.

Yule mwanamke uliyemwona akiimba, mimi ndiye niliyemshika mkono akitoka kwenye chombo. Alikuwa hawezi hata kushika kikombe cha maji, miguu imelegea. Akaomba simu kwanza, akisema mwanangu, mwanangu. Niliwafikiria nyinyi. Na bado nilisaini, sitakudanganya.

Nakuomba jina lingoje mpaka Aprili. Ni miezi mitano tu. Nimemwandikia na mama, amekubali.

Mumeo,
Elikana


Kibirizi,
23 Novemba 2025

Baba mtoto,

Salamu nyingi. Tunashukuru Mungu, hatujambo sote, na binti yako ameanza kucheka.

Nimeyasoma yako. Hongera kwa kuongoza boti, nasema kwa moyo, najua unavyoipenda kazi. Lakini jina halikuweza kungoja.

Juzi tulikwenda kliniki, mimi na mama. Njia nzima ananiambia, "Mwanangu kasema Aprili, na kwetu ndivyo ilivyo." Nikamwambia, "Mama, huyu ameanza kugeuza kichwa akiitwa. Anageukia Roketi." Akasema, "Lakini baba yake..." Tukawa tumefika dirishani.

Nesi akauliza jina. Sasa nikueleze jambo ambalo huenda hukuwahi kuliangalia. Nilivyolelewa kwetu Kasulu, mke halitaji jina la mama mkwe wake. Miaka mitano tangu unioe, jina la mama yako halijatoka mdomoni mwangu. Hata mzigo wake ukija nasema ni wa mama. Pale dirishani nililitaja kwa kunong'ona. Nesi akasema, "Sijasikia, sema kwa nguvu." Nikasema kwa nguvu, "Mariana!"

Mama yako akaitika nyuma yangu, "Abee?"

Benchi lote likatugeukia. Nilimwona akielewa taratibu. Akaniambia, "Umenitaja." Nikasema, "Nimemtaja mwanangu, mama." Nilidhani atanipiga kwa kanga pale mbele za watu. Akanyoosha mikono, akampokea mtoto, akamtazama usoni muda mrefu kama vile hajawahi kumwona. Halafu akamwambia nesi, "Andika vizuri, usikosee." Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Na utawezaje kumgombeza mtoto mwenye jina langu?" Nikamwambia nitazoea. Akacheka mpaka dereva wa bodaboda akageuka.

Sikukuvunjia heshima, Elikana. Jina limetoka kwenu. La pili ni lako na la tatu ni la baba yako, hayo nesi aliyaandika bila kubishana na mtu: Mariana Elikana Kasongo. Ukija Aprili utampakata na kumwita, naye atakujua kwa sauti kama utakuwa umeanza kumpigia simu. Agnesi anasema simu yake iko wazi kila Jumapili jioni. Sijui kama huko kwenu baharini mnaruhusiwa kuimba.

Naishia hapa, dagaa wanataka kugeuzwa kabla jua halijawa kali.

Wako,
Mama Mariana