Siku Tatu Ambazo California Haikuzidai

Alief, Houston, 9 Machi 2025

Ndugu yangu Riyadh,

Assalaam alaykum. Natumai funga inakwenda vizuri huko Grand Prairie, karibu na Dallas, na huo mgongo unaoinamia miguu ya watu haujakatika. Mimi mzima. Mama bado yuko eda. Daku anakula tende mbili tu, basi.

Makaratasi yako ya kodi nimeyapata. Tangu nijifundishe kazi hii hapa nyuma ya duka la unga nimewaandikia manesi, madereva, hata mchungaji mmoja. Mkandaji wa timu ya mpira wa kikapu ni wewe peke yako. Wachezaji wenu wanakimbilia Dallas kwa kuwa Texas haigusi mshahara wa mtu, na timu inawavutia kwa hilo hilo. Wakienda kucheza California, California inahesabu kila siku waliyofanya kazi kwake, inakata fungu lake. Haimwachi hata anayewakanda mapaja.

Sasa nieleze. Tarehe 14 hadi 16 Novemba, Baba alipofariki, ulinipigia ukasema uko Los Angeles, timu imekunyima ruhusa. Orodha ya siku za kazi iliyotoka kwa timu inasema siku hizo hukuwa California. Imeandikwa: Texas, likizo ya msiba.

Nimeisoma mara nne. Miwani nimeifuta mara mbili. Msiba gani huo, Riyadh, ambao hatukukuona?

Dada yako,
Mwanakhamis


Grand Prairie, 11 Machi

Dada,

Waalaykum salaam. Nipo, alhamdulillahi. Msalimie Mama.

Siku hizo tatu waandikie California. Sema nilikuwako. Nitalipa.

Mdogo wako,
Riyadh


Alief, 12 Machi

Wewe,

Salamu baadaye. Miaka tisa naandika kodi. Nimeona mwanamume aliyetaka mbuzi wake wa Tanga aandikwe kuwa anamlea, apunguziwe kodi. Sijaona mtu anayeibembeleza California imtoze kwa siku ambazo haikumwona! Mamilionea wenu wanaweka mawakili ili siku zipungue, wewe mkandaji unataka zizidi?

Kwa hiyo ni uongo, na uko tayari kuulipia. Kila anayekuja kumpa Mama mkono wa pole, Mama anakutetea: "Mwanangu walimzuia kazini." Una mpaka Idi. Ukinyamaza namwonyesha karatasi, na mimi usiniite dada tena.

Mwanakhamis


Grand Prairie, 29 Machi

Dada Mwanakhamis,

Assalaam alaykum. Hii naiandika na kuifuta wiki mbili sasa. Mama amemaliza eda salama? Magoti yake je?

Unakumbuka nilipoacha uuguzi nikaingia kazi hii, Baba alisema: "Mikono inayopapasa wanaume kwa mshahara isiniguse, niwe hai niwe maiti." Ulikuwa jikoni, ulisikia.

Siku ya maziko nilifika Houston kabla ya adhuhuri. Nia yangu nisimame safu ya nyuma, nimsalie, niondoke. Ami Abdulhafidh akaniona kwenye maegesho ya msikiti. Walikuwa wanamwosha, yeye na wazee wawili, na mikono ya Baba ilikuwa imekakamaa kifuani, haikunjuki. Nikamwambia alichosema Baba. Akanishika shati: "Hapa mwenye kujua viungo ni wewe. Unataka tumvunje? Ingia."

Niliikanda, dada. Bega, kiwiko, kidole kimoja kimoja, kwa maji ya uvuguvugu, kama ninavyomkanda mchezaji aliyeumia, ila mchezaji hulalamika. Ikalegea. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Ningekaa matangani mtu angeuliza nani kaosha, na Mama angejua nimelivunja neno la Baba. Nikakupigia, nikasema niko California.

Texas haitozi, nikadhani siku za hapa hakuna anayeziandika.

Ami nilimwapisha asiseme. Muulize.

Mdogo wako,
Riyadh


Alief, 30 Machi, Idi

Riyadh, mdogo wangu,

Idi mubarak. Ami nimemuuliza leo, akiwa na sahani ya biriani mkononi. Akaiweka chini. "Miezi minne nangoja mmoja wenu aniulize," akasema. Hakuila tena.

Nikamsomea Mama barua yako yote. Kumbe asubuhi ile yeye mwenyewe alijaribu kuinyoosha ile mikono, akashindwa, akatoka analia. Alipoitwa kumuaga akaona sanda imelala sawasawa. Amekaa eda nzima akijiuliza nani aliyeinyoosha mikono, asimuulize mtu.

"Na neno la Baba?" nikamuuliza.

"Baba yenu alisema mengi akiwa na nguvu," akasema. "Sasa huyo mtoto anangoja nini huko Grand Prairie?"

Kodi yako nimeituma. California ina siku zake kumi na moja, sikuiongezea hata moja. Hizo tatu nimeziacha Texas.

Magoti uliyoulizia yamevimba. Nimejaribu kumkanda, kaniondoa mkono. Anasema si wangu anaoutaka.

Dada yako