Uliyemwachia Tawi

Baba,

Shikamoo. Arobaini yako tumeisoma hapahapa Rasbura, watu wametawanyika, na mimi nimebaki na neno lako moja kifuani. Ulipokuwa kitandani, mbele ya wanachama wa chama chetu, ulisema, "Tawi namwachia Saidi." Saidi, kijana wa Mitole uliyemfundisha siasa miaka mitatu tu. Mimi mwanao, niliyebandika mabango pamoja nawe tangu nasoma, uliniambia nikuletee maji.

Tulipokuzika tu, kampeni za urais zikaanza. Mchana mmoja nikamwona Saidi anatoka kwa Mzee Bakari, mwenyekiti wa wapinzani wetu, ambaye wewe hata kahawa yake hukuwahi kuionja. Sikumuuliza kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa wanachama nikawaambia tumeuzwa. Siku hizi, baba, kila mtu anamshuku mwenzake. Waliamini kabla sijamaliza. Wakamvua uongozi. Alinitazama, akasema, "Dada, ungeniuliza."

Nami nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumamosi vyama vyote viwili vikafika uwanja mmoja kwa mkutano wa kampeni, saa ileile. Mawe yakarushwa. Bi Mwajuma wa vitumbua, ambaye hana chama, akavunjika mkono. Mzee Bakari alinikuta hospitali, akanieleza taratibu, bila kunilaumu, kwamba Saidi alikwenda kwake kuomba tupishane siku. Walikubaliana sisi tuchukue Jumapili. Alipoondolewa, hakuna wa kwetu aliyetaka kusikia makubaliano ya msaliti.

Niliitisha kikao nikasema yote, pamoja na wivu wangu. Wengine walinizomea. Saidi wamemrudisha. Alipokaa kwenye kiti chako akanishukuru mbele ya watu, na hapo hapo, baba, wivu ukanichoma upya. Kama angenitukana ningepumua.

Sijapona. Kuna siku nakukasirikia wewe uliyelala, nakuuliza ulimwona ana nini ambacho mimi sina. Kisha naondoka kwenda kumkorogea Bi Mwajuma unga wake, maana mkono haujaunga, na wateja hawasubiri.

Nakuahidi jambo moja. Wivu wangu nitauita wivu. Sitauvika tena sare ya chama.

Pumzika, baba. Mola akupanulie kaburi lako.

Mwanao,
Mwanahawa