Orodha ya Vitabu Uliyomwachia Bi Salima

Nyabiyonza, mwanzo wa kiangazi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Marahaba yako naijua ilivyo, kwa hiyo sitaisubiri, naendelea.

Ni mimi Domisiani, msaidizi wako wa chumba cha kusomea. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na mtu akimkasirikia marehemu hana baraza la kumpeleka. Padri nimemwambia nusu. Mke wangu nimemwambia robo, akacheka. Yaliyobaki ni yako.

Kwanza habari za huku. Tulikuzika kwenu Ndama, na watu walikuwa wengi mpaka migomba ya jirani zako ikabaki bila majani, yote yalikatwa ya kukalia. Siku za matanga zilipokwisha, karani wa baraza akanikabidhi ufunguo wa chumba mbele ya watu. Mwalimu, nilifurahi. Nilikulilia na nilifurahi, vyote siku moja. Miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa kupangusa vumbi, kugonga mhuri na kutega panya, nikasema sasa zamu yangu imefika, sasa watakuja kuniuliza mimi.

Hawakuja kuniuliza mimi.

Unaikumbuka karatasi yako ya mlangoni. Kila majira yalipogeuka ulikaa siku mbili ukiiandika: jina la mtu, na mbele yake kitabu chake. Masika uliwapa vitabu vinene, maana njia zinajaa tope na mtu wa Kimuli hawezi kurudisha kitu mpaka maji yapungue. Wakati wa kuchuma kahawa uliwapa vyembamba, kwa kuwa aliyeshinda kibanjani akichuma shamba lake anasinzia ukurasa wa tatu. Msimu wa senene uliwapa hadithi fupi fupi, za kufunga upesi mtu akisikia wenzake wanakimbilia nje kuwakamata wadudu hao. Watu walikuwa wakisimama pale mlangoni wakitafuta majina yao, na wasiojua kusoma sawasawa walisomewa na wenzao, na kila mmoja aliondoka kama mtu aliyetajwa kanisani kwa jambo jema.

Masika haya mlango ulikuwa mtupu. Nilijaribu, Mwalimu. Nilikaa na kalamu tangu asubuhi mpaka watu wakawa wanarudi kutoka gulioni. Niliandika "Ma Keziya", kisha nikakosa cha kuweka mbele yake. Nikaikunja karatasi nikasema, aa, wana macho, watachagua wenyewe.

Ndipo walipoanza kuja na maagizo.

Wa kwanza alikuwa yule fundi baiskeli wa Kimuli. Alisimama mezani pangu akasema, "Bi Salima kasema nichukue kile chenye jalada la kijani, cha mtu aliyefuga nyuki." Siku mbili baadaye akaja mkunga: "Bi Salima kasema kuna kimoja chekundu, kimechanika pembe, kinanifaa sana mvua hizi." Kisha wa tatu. Kisha wa nne. Bi Salima kasema, Bi Salima kasema! Bi Salima wa duka la kanga na chumvi lililo mbele ya baraza, ambaye babu yake alikuja huku na bidhaa kutoka pwani, na ambaye hajawahi kukanyaga chumbani mwetu hata kwa kupotea njia.

Nilimwonea wivu. Nakwambia bila kuona haya kwa sababu huwezi kunitazama. Unajua yule mama anavyosema. Kiswahili kinamtoka kinywani kama amezaliwa nacho, na kweli amezaliwa nacho. Mimi changu nilikipata shuleni Muleba kwa fimbo, na mpaka leo nikihesabu nahesabu kwa Kihaya. Watu wanakwenda dukani kwake kununua kiberiti, wanakaa barazani mpaka kiberiti kinasahaulika. Anawasimulia yule mtu na nyuki zake, anawakatia pale pale mambo yanaponoga, anawaambia, "Yaliyobaki yako kwa kaka Domi, nendeni mkayasome." Kaka Domi! Kama mimi ni mlinzi wa ghala lake.

Sasa nakuungamia. Nilianza kuvificha. Kila kitabu alichokitaja nilikitia kwenye lile kabati la chini, nyuma ya makopo ya wino, na mtu akija namwambia, "Kimeazimwa." Mkunga alikipata kile chekundu kwa kuwa aliniwahi, lakini waliofuata walipata "kimeazimwa" tu. Nikawapa vingine nilivyoona vinang'aa. Walivirudisha kesho yake. Wengine hawakurudi kabisa, na nikasema moyoni, afadhali. Afadhali chumba kiwe kitupu na kiwe changu.

Kitupu kweli kikawa. Karani wa baraza akaja, akafunua daftari la wasomaji, akaona kurasa mbili hazina saini. Hakunigombeza. Aliuangalia ukuta, akapima upana wa mlango kwa macho, akasema kahawa mwaka huu imezaa sana na baraza halina stoo. Akasema tutaona mpaka mavuno. Nililala na neno hilo siku nyingi, Mwalimu. Chumba ulichokiomba kwa barua mwaka hadi mwaka, ukabeba rafu zake kichwani na wewe mtu mzima, kinakwenda kujazwa magunia, na aliyekijaza magunia ni mimi na kijicho changu.

Hata hivyo sikuvitoa vitabu kabatini. Ndivyo wivu ulivyo.

Aliyenitoa ni Ma Keziya. Namtaja tena ingawa unamjua kunizidi: yule mjane Mlutheri wa ng'ambo ya bonde, uliyemfundisha kusoma akiwa na wajukuu. Ulimwahidi kwamba masika atapewa ile hadithi nene ya binti aliyekataa kuolewa. Kumbe na Bi Salima alikuwa amemkumbusha, kwa hiyo na hicho kilikuwa kabatini. Alikuja mara ya kwanza, nikamwambia kimeazimwa. Akaja mara ya pili akiwa ametota hadi magotini, nikamwambia hakijarudi. Mara ya tatu alikuja na maganda makavu ya mgomba, ameyalainisha, ameyakunja vizuri ya kufungia kitabu. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akaniinulia viganja vyote viwili. "Waitu," akaniita kwa heshima ya Kihaya, "mikono nimenawa kwa sabuni. Kile cha mwisho nilikitia doa la kahawa, najua. Mwalimu alinisamehe. Wewe hujanisamehe?"

Mwalimu, aliona ninamnyima kwa sababu ya doa! Doa ambalo sikuwa hata nimeliona, kwa sababu huwa nagonga mhuri kwenye jalada la ndani na nafunga. Alikuwa amekaa nyumbani wiki zote hizo akijiona mchafu, mama wa rika la mama yangu.

Nilipiga magoti nyuma ya meza kama mtu anayetafuta kitu, nikakitoa, nikampa. Alikifunga kwenye maganda yake, akanishukuru kwa kupiga magoti na yeye, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Nilivua kofia nikaenda dukani kwa Bi Salima. Usidhani nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kugomba. Nilimwambia mbele ya wateja wake kama anajua vitabu kiasi hicho basi achukue ufunguo huu hapa, aje awe anapangusa na mavumbi yake. Wateja wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakaacha chumvi yao mezani. Yeye akavuta kiti, akasema, "Kaka Domi, kaa. Mimi maandishi yenu haya siyajui. Nilisoma chuo cha Kurani, najua herufi zake tu. Hivyo vitabu nitavijulia wapi?"

Nikakaa.

Akanieleza. Mwezi ule wa mwisho, ulipokuwa ukitoka zahanati kuchomwa sindano, ulikuwa ukipumzika barazani kwake kabla ya kupanda mlima. Nilikuona, Mwalimu. Nilikuona kwa dirisha letu, nikadhani unapumzisha kifua. Kumbe ulikuwa ukimpa orodha. Leo mkunga, kesho fundi baiskeli, keshokutwa Ma Keziya, masika mpaka kiangazi, kiangazi mpaka senene. Ulimsimulia kila kitabu mwanzo wake, na kwa kuwa hasomi ulimwambia rangi ya jalada na mahali lilipochanika. Akashika yote kichwani. Kila alichomwambia mtu ni neno lako. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nzima nikikufungia wewe kabatini.

Ungetegemea wivu uishe hapo. Uliongezeka. Kwa nini yeye? Mimi nilikuwa hatua hamsini kutoka pale! Nilikuja kwako kila jioni, nikaketi kwenye kile kigoda, nikakupa ripoti. Na nilipokuwa pale dukani nikiuliza hivyo kwa sauti, jibu likaja lenyewe, sikulitaka. Nilikumbuka jioni moja uliponiuliza, "Domi, kile cha nyuki kinasemaje?" Nikakujibu, "Kipo rafu ya pili, Mwalimu, hakina vumbi." Ukacheka mpaka ukakohoa. Nilidhani umefurahi.

Penye miti hapana wajenzi. Miaka kumi na zaidi nimelala na kuamka na vitabu, na hakuna hata kimoja nilichokifikisha mwisho. Naanza, naona maneno magumu, naona haya kukuuliza, nakirudisha mahali pake kikiwa kimenyooka. Nilidhani hujui. Nilimwuliza Bi Salima kama kwenye orodha ile ulinitaja na mimi. Angeweza kunidanganya, na wewe unajua watu wa biashara wanavyojua kupamba neno. Hakunidanganya. Alisema, "Hakukutaja, kaka. Alisema Domi vitabu anavilinda, havisomi. Alisema kwa huzuni, si kwa kukusema vibaya."

Nikatoka bila kuaga.

Nilikaa siku tatu nimenuna. Siku ya nne nikarudi na karatasi na kalamu, nikamwambia anitajie, nikaandika. Alitaja kila kitu mpaka senene. Kabla hujafika yanayofuata senene, ulikuwa umekufa. Karatasi iko mlangoni sasa, na chini yake nimeandika kwamba ni maneno ya Mwalimu kama alivyoyashika Bi Salima. Jina lake lilinichukua muda mrefu kuliandika kuliko orodha nzima. Vya kabatini vyote viko rafuni. Fundi baiskeli amerudi, akanitania kwamba siku hizi vitabu vyangu vimechoka kuazimwa. Ma Keziya yuko katikati ya hadithi yake na anasema yule binti ana kichwa kigumu kama mama mkwe wake. Karani amepita, ameona saini, amepeleka magunia kwenye banda la shule kwa msimu huu. Wa mwakani hakusema, nami sikumwuliza.

Halafu kuna hili. Jumamosi iliyopita, baada ya gulio, nilikwenda dukani nikamwambia Bi Salima anichagulie kitabu. Ndiyo, mimi. Akasema hukumwachia kitu cha kunipa. Nikamwambia basi achague kwa akili yake. Akafikiri, akaniuliza kama tuna kitabu chochote cha mtu anayesafiri peke yake, kwa kuwa babu yake alitembea kutoka pwani na hakuwahi kusimulia njiani aliona nini. Kipo. Nikakitoa, nikaandika jina langu kwenye daftari la wasomaji, mstari mmoja chini ya Ma Keziya.

Tumepatana hivi: namsomea barazani kwake, kurasa chache kila Jumamosi, mumewe akiwepo na wateja wakipita. Nikikutana na neno gumu ananieleza maana yake, wala hacheki. Na nikifika pazuri nafunga kitabu, nasema nimechoka.

Bado nawaonea wivu wewe na yeye, na zile asubuhi zenu za barazani ambazo sitazipata. Sikuahidi kwamba utaisha. Ninachokuahidi ni hiki: karatasi ya baada ya senene nitaiandika mimi, majina yote, na hakutakuwa na kitabu juu yake ambacho sijakisoma mpaka mwisho. Nikikosa, waambie wanaokuja huko wanizomee.

Pumzika, Mwalimu. Ninafunga barua mapema kwa sababu jana Bi Salima alimtuma mumewe mpaka hapa dirishani kuniuliza kama yule msafiri alivuka mto au alirudi nyuma. Nilimwambia amwambie asubiri Jumamosi. Ukweli ni kwamba sijui, sijafika, na nataka nijue kabla yake.

Ni mimi msomaji wako,
Domisiani