Kitabu cha Haifa

Jumapili, 2 Machi 2014. Malaz, Riyadh
Kanzu nane za baba mwenye nyumba, abaya tatu, mashuka ya bibi. Pasi imekwisha kabla ya adhuhuri. Baada ya chakula wote hulala mpaka alasiri, nami napata saa moja na nusu yangu. Leo nimefika ukurasa wa tisini.

Kitabu ni cha Haifa, binti wa nyumba. Yuko mwaka wa pili chuoni. Alinipa wiki jana, alipojua nilikuwa mwalimu wa chekechea Kitui na Kiingereza nakisoma. Alisema nikifiche. Baba hataki riwaya za mapenzi nyumbani.

Ni habari za Velna, mchawi wa msituni. Anampenda mwanamume aliyetumwa kumuua. Kila akimbusu, mwaka mmoja unatoka katika maisha ya yule mwanamume. Mwanamume anajua, na bado anarudi. Sijawahi kusoma upuuzi mtamu hivi.

Jumanne, 4 Machi
Bibi, mamake baba, hali chochote. Siku ya pili sasa. Uji kausukuma, supu kaisukuma. Daktari kasema ni tumbo tu. Madam, mke wa baba, ananifuata jikoni, anaonja kila ninachopika. Sipendi.

Haifa kapita kuniuliza kwa sauti ya chini nimefika wapi. Nikamwambia penye busu la mtoni. Akaziba mdomo asicheke. Ndiye pekee humu anayeniuliza kitu kisichohusu kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Madam amekipata.

Alipekua chumba changu nikiwa nafua. Kilikuwa chini ya godoro. Jalada lina mwanamke mwenye kunguru begani, na kila sura inaanza na duara lenye alama. Madam hajui Kiingereza sana, lakini neno mchawi alilitambua. Ugonjwa wa bibi ukapata sababu.

Simu yangu wamechukua. Nimekatazwa kugusa chakula. Nimesikia yanayowapata wanaoshtakiwa uchawi nchi hii. Naogopa.

Haifa alisimama mlangoni akitazama zulia. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema ni chake. Nilimwahidi sitamtaja.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi walichukua hata daftari hili. Kiswahili hawakijui. Kwao kila mstari humu ni uganga. Baada ya sala baba akamwita Mutua, dereva wao, Mkamba kama mimi, asome na kutafsiri mbele ya wote.

Mutua akafungua pale nilipoandika kwamba madam ni mchoyo wa nyama na wa maneno mazuri. Akasoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya kanisani. Kisha akasema kwa Kiarabu kwamba nimeandika mashuka yamefuliwa, na nawaombea wote afya. Ukurasa baada ya ukurasa, mashuka na afya. Alipofika kwenye jina la Haifa alinyamaza, akanitazama. Nikatikisa kichwa kidogo. Jina akaliruka. Akatafsiri mashuka.

Haikusaidia. Baba alisema kesho atapeleka kitabu polisi, na mimi pamoja nacho.

Hapo Haifa akasimama.

"Kitabu ni changu," akasema. "Mimi ndiye nilimpa. Ni hadithi ya mapenzi tu, baba."

Baba akamwambia aende chumbani kwake. Kisha akanirudishia daftari bila kunitazama.

Jumatatu, 10 Machi
Polisi hawakuja. Bibi amekula ndizi mbili, ila si kutoka mkononi mwangu. Madam ameelewa. Kuniamini tena, hapana.

Kitabu kimechanwa. Haifa kanyang'anywa simu, na chuo haendi wiki hii. Naumia kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Baba ndiye kafili wangu, mwenye kibali changu cha kazi, na ameamua niende Jeddah kwa dada yake, mjane. Halas, yamekwisha. Mutua alipoleta mboga nilimshukuru. Alisema mistari ilikuwa ikimcheza machoni kwa hofu.

Jumatano, 12 Machi
Nimeondoka. Haifa hakuruhusiwa kushuka kuniaga. Nilimwona dirishani, nikainua mkono. Akainua wake.

Jumapili, 16 Machi. Jeddah
Joto la hapa linashika ngozi kama nguo mbichi. Madam mpya anaumwa na goti, hupenda kukaa jikoni. Leo tulikuwa tunakata bamia pamoja. Akaniuliza kwa nini kaka yake amenileta kwake. Nikamwambia ukweli kwa Kiarabu changu cha jikoni, kwamba nilisoma kitabu cha wachawi. Nikangoja.

"Kilikuwa kizuri?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikasema ndiyo. Nikamsimulia, na pale maneno yaliponiishia nikatumia mikono. Alitaka kujua mwisho wao. Nikamwambia sikuufikia.

Akafikiri. Akasema yeye angekuwa Velna angemwacha yule mwanamume aende zake, aishi. Nikasema mimi singemwacha. Tukabishana, kila mtu na kisu chake mkononi, mpaka maji ya wali yakachemka.