Mtani, Kamera Ilikata Kabla Hujacheka

Mtani wangu Maganga, Mnyamwezi usiyejua kuogelea wala kukata kiuno,

Ni mimi Shomari. Najua huko uliko umeshaanza, "Mzaramo kashika kalamu, kiama kimekaribia." Sema tu. Mimi na darasa langu la tano sijawahi kuandika barua ikafika mwisho. Ila leo nimekaa ndani ya lori, niko yadi nasubiri wanipakilie mzigo, theluji inashuka kama mtu ananyonyoa kuku mweupe huko juu, na sina wa kuongea naye. Naongea na wewe. Wewe angalau huwezi kunikatia simu.

Habari za huku. Lori lililoletwa badala ya lako kapewa dogo wa Kiromania, mtaratibu mno, anafuta mpaka taa za nyuma. Lile pazia lako la khanga ulilotundika nyuma ya kiti walilichomoa kwenye mabaki. Nikaliomba, wakanipa kwenye mfuko mweusi wa taka. Meneja kasema pole kwa barua pepe. Mama wa kantini, yule uliyekuwa unamdanganya kwamba kwenu wewe ni chifu, alilia kweli, akauliza sasa nani atarithi ufalme. Nikamwambia mimi. Akaniangalia juu mpaka chini, akalia zaidi.

Ona, nimeshaanza kuchekesha. Mdomo huu haujui pa kusimama. Lakini ndani, Maganga, hamna kitu. Nachekesha watu halafu napanda kabini nafunga mlango nakaa tu, naangalia wipa.

Wewe ndiye uliyenitoa kwenye begi. Nilikuwa nazunguka London, Peckham na Barking, nauza kava za simu, chaja, soksi, mafuta ya nywele, chochote chenye bei. Ukanikuta nimelowa kama kifaranga, ukasema, "Mzaramo, wewe mdomo wako una mafuta kuliko lori, njoo ujifunze udereva." Ukanisomesha kile kitabu cha leseni kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, wewe unatafsiri mimi nasinzia. Ukanifundisha kwamba baridi ikizidi usiamini barabara inayong'aa, na usiamini isiyong'aa pia. "Inayong'aa ni maji. Isiyong'aa ndiyo inayoua." Hiyo barafu nyeusi, isiyoonekana. Uliijua kuliko wote pale yadi. Na ndiyo hiyo.

Mimi nilikuuzia nini? Kamera. Ile ndogo ya kubandika kwenye kioo. Ya kampuni ulikuwa nayo tayari, ile inayomtazama dereva usoni na kupiga kelele akipiga mwayo. Ukaiita mama mkwe, kwa sababu hailali, haicheki, na kila kitu inapeleka ofisini. Ukitaka kupiga mwayo unajifanya unakohoa. Basi ya kwangu ndiyo ukaifanya ya utani. Kila ukipanda kaskazini na theluji ikianza, ulikuwa unabonyeza kile kitufe cha kuhifadhi kipande, barabara inaonekana mbele, nyeupe yote, halafu sauti yako, "Mzaramo, huku Uskochi theluji imefika kwenye taa, leo nakufa. Waambie wenzako waanze kuosha masufuria, maana najua msiba wa mtu kwenu ndiyo sikukuu." Halafu kimya kidogo. Halafu kile kicheko chako kinachochelewa, kama basi la Jumapili. Ukifika pa kupumzika unanitumia. Mimi nakujibu, "Kufa upesi, ubwabwa unapoa."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunajuliana hali. Wengine wanaulizana umekula, umelala. Sisi hivyo.

Halafu ikaja ile asubuhi. Polisi waliandika barafu. Lori liliteleza kwenye mteremko, tela ikatangulia kichwa, likatoka barabarani. Hakuna gari lingine. Hakuna aliyeona. Kamera ya kampuni ilivunjika isibaki kitu, na pale hapana mtandao, ofisini hakikufika chochote. Ya kwangu walirudisha kadi yake tu, kwenye kimfuko cha plastiki, pamoja na viatu vyako na ile chupa ya chai. Alipewa Salma, mwanao, maana mama yake hayupo, ni yeye tu.

Tukakuzika. Mvua, tope, wale jamaa wa makaburini wenye makoti ya njano wamesimama pembeni na kijiko chao cha kufukia wanasubiri. Nikatazama kulia na kushoto, natafuta mtani mwingine. Hamna. Kwenu Tabora siku hiyo kaburi lingekuwa limejaa Wazaramo, mmoja amelala ndani hataki kutoka mpaka apewe kuku, mwingine kavaa koti lako anaiga unavyotembea. Mzigo wote ukaniangukia mimi. Nikasema siwezi kumwacha Maganga ashuke kavukavu kama mtu asiye na kwao. Nikasogea ukingoni nikapaza sauti, "Maganga, toka hapo, umepaki vibaya! Hata kaburini unaingia kinyumenyume! Jamani, muwekeeni taa, huyu anaogopa giza!"

Mtani, ungewaona. Imamu alinishika mkono kama anamtoa mlevi harusini. Wale vijana waliozaliwa huku walinitazama kama nimekutemea mate. Kule kwenye magari, kina mama walikosimama, Bi Mwanaidi peke yake, yule mama wa Tabora anayeuza vitumbua, alicheka. Alicheka akaangua kilio palepale, wakamshika. Salma hakucheka. Salma alinitazama tu, na macho yake ni yako, na mimi nikaona nimeharibu kitu lakini sikujua ni nini.

Baada ya hapo akaniita kwake, Barking. Alikuwa ameitia ile kadi kwenye kompyuta. Karibu vipande vyote ulikuwa umeshafuta, kimebaki kimoja, cha asubuhi ileile. Salma kama unavyomjua, unampa Kiswahili anakurudishia Kiingereza. Akasema anko, nataka usikilize uniambie kama nimesikia sawa.

Kioo kimejaa chumvi ya barabarani, ile wanayomwaga kuyeyusha barafu, haionekani kitu, weupe mtupu. Injini inanguruma. Halafu wewe: "Mzaramo. Leo nakufa, mtani. Leo ndiyo yenyewe. Mje mle."

Halafu kimya. Halafu kamera ikakata.

Ile kamera inahifadhi kipande kifupi, unajua, ikifika mwisho inakata, haijali umemaliza au la. Na wewe kicheko chako kinachelewa. Siku zote kinachelewa! Mimi nikamwambia Salma, subiri, hapa alikuwa anakuja kucheka. Akaniambia hamna kicheko hapo. Nikamwambia kingekuja. Akasema anko, hakuna kicheko. Baba amesema anakufa, halafu amekufa.

Hapo ndipo nilipoelewa anachofikiria mtoto. Anafikiri barafu ni ya polisi tu. Anafikiri uliamua. Kwamba ulimwacha kwa kupenda.

Maganga, nilipiga magoti kwenye zulia lake. Nikamweleza utani tangu mwanzo. Nikamwambia mababu zako walikuwa wanashuka pwani na mizigo mabegani, mwendo wa miezi, wanafika kwa mababu zangu wamechoka wamechanika, wanalala, wanakula, wanatukanana, wanazikana. Ndiyo maana hadi leo Mnyamwezi na Mzaramo hawasalimiani vizuri. Nikamwambia hata kule makaburini sikukutukana, nilikuwa nakusindikiza. Akasikiliza kwa adabu. Hii adabu ya watoto wa huku, ya kukuacha umalize.

Nikaona haamini. Sasa na mimi nikafanya nini? Nikatoa simu. Nikasema ngoja, ushahidi ninao. Nikamfungulia vipande vyako vyote ulivyonitumia, msimu wa baridi huu na ule uliopita. Leo nakufa na theluji. Leo nakufa na njaa, birika limegoma. Leo nakufa, na ukija msibani usije mikono mitupu kama mlivyozoea. Kimoja baada ya kingine, na mimi pale nacheka, Maganga, nacheka kweli, maana ulikuwa umenirudia, ulikuwa pale sebuleni. Nikamwambia unaona? Unaona? Ndivyo alivyokuwa anasema kila wiki!

Salma akaisukuma simu pembeni. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanijibu kwa Kiswahili.

"Kila wiki alikuwa anasema anakufa. Na wewe ulikuwa unacheka?"

Nikasema ni utani, mama.

"Ulikuwa unamjibu nini?"

Ningedanganya. Mimi niliyewauzia watu soksi za mtumba nikasema zimetoka Italia, ningeshindwa kudanganya hapo? Nilishindwa. Nikamwambia nilikuwa namjibu kufa upesi, ubwabwa unapoa.

Hakupiga kelele. Aliinuka akanifungulia mlango, akasubiri nivae viatu. Nilivaa vibaya, kulia kushoto, nikatoka hivyo hivyo.

Tangu hapo hapokei simu. Nilimtumia ujumbe mmoja, nikamwambia nilipoenda kusaidia kuhamisha vitu kwenye flati yako, jikoni kulikuwa na maharage yameloweka, yameshachacha. Nikamwandikia, mtu anayetaka kufa haloweki maharage. Hilo alijibu. Akasema watu wanaloweka maharage kwa mazoea, anko.

Na hilo, mtani, ndilo limenimaliza. Kwa sababu nikiendesha nalifikiria. Njia ni ndefu, giza linaingia mapema, magari ya chumvi yanapita yanakupiga mchanga kwenye mlango, na mimi nafikiria. Tangu Mama Salma afariki, zile safari za kaskazini za baridi ambazo kila mtu anazikwepa, ulikuwa unaziomba mwenyewe. Nilikuuliza, ukaniambia, "Barabara hainiulizi kitu." Hukucheka baada ya pale. Au ulicheka, kikachelewa, mimi nikawa nimeshashuka? Sikumbuki. Najitahidi kukumbuka na sikumbuki. Nasikiliza vile vipande tena, naweka simu sikioni kama daktari, natafuta ni wapi Maganga anatania na wapi Maganga anasema. Vinafanana. Sauti ni ileile. Sisi tulijenga nyumba nzima kwa utani, haina hata dirisha moja la kusemea kweli. Ungetaka kuniambia kweli, ungeniambiaje? Ungenitukana. Na mimi ningecheka.

Halafu kesho yake nakasirika. Nasema Shomari, acha ujinga, yule ni Maganga, aliyekuwa anabishana na muuza samaki Peckham mpaka mtu anamwongezea vibua viwili aende zake. Alinunua viatu vipya vya theluji. Alitaka kucheza ngoma Salma akiolewa, na hajui kucheza. Ilikuwa barafu. Naamini kabisa. Naamini mpaka nifike kwenye ule mteremko.

Maana napita pale, unajua. Njia yako wamenipa mimi. Wameweka chuma kipya cha kuzuia magari pembeni, kinang'aa. Kamera ninayo na mimi, ileile aina yako. Napunguza mwendo, kidole nakiweka kwenye kitufe, nataka nikutukane kidogo, nikwambie Mnyamwezi umeharibu barabara ya watu. Mdomo haufunguki. Mimi! Ningekuwa bubu mapema hivi mama yangu angepumzika.

Kuchekesha naendelea yadi, usijali. Nikinyamaza watauliza una nini. Lakini msimu huu sijacheka hata mara moja nikiwa peke yangu, na peke yangu ndiko niliko muda mwingi.

Sikuulizi, Maganga. Nilitaka kukuuliza, barua nzima nilikuwa naizunguka, sasa nimefika sikuulizi. Ukinijibu ndiyo, nitaenda wapi? Ukinijibu hapana, Salma hakusikii.

Ahadi yangu ni hii. Kila nikirudi London nitapita kwa Salma. Asipofungua nitaongea na mlango wake, majirani waseme wanachotaka. Nitamwambia ilikuwa barafu. Sitatania, sitaiga sauti ya mtu, nitasema kwa sura hii ambayo hata wewe hujawahi kuiona. Siku nikiamini nitasema barafu. Siku nikiwa siamini, na zipo, Maganga, zipo nyingi, nitasema barafu vilevile, na sauti haitatetemeka. Nitasema mpaka mtoto achoke kunibishia. Akizeeka akanizika mimi bila kuamini, basi nitakuwa nimesema.

Wananipigia honi, mzigo umejaa. Huko kaskazini wanasema barabara imeshaganda.

Kwaheri, mtani. Tusi la kukuagia nimelitafuta tangu asubuhi, sijalipata. Lala, Maganga. Lala tu.

Shomari