Upepo Wenye Spana

Jumanne

Nimesema ni upepo. Mimi, mwalimu mstaafu.

Sahani ya redio ambayo mawakala wa mizigo waliifunga shambani kwangu ilitazama chini kama mtu anayesinzia kanisani. Sahani zote za Malaba hutazama juu. Asubuhi nilipanda ngazi, nikalegeza nati mbili, nikaiinua inavyostahili. Ofisi yao ikakosa mawasiliano hadi alasiri, na malori yakasimama mpakani.

Fundi, dada mmoja kutoka Busia, aliirudisha chini. "Mzee, hii haitafuti setilaiti. Inarusha mawimbi kwa usawa wa vilima, hewa ya juu inayatawanya, na machache yanaangukia ng'ambo ya vilima, kwenye sahani nyingine. Nani ameigusa?"

"Upepo."

"Upepo wenye spana, mzee?" Akacheka, kisha akaandika jina la Ekisa, mlinzi wa sahani hiyo. Kesho atafutwa kazi.

Nami nilimwacha aandike. Kuna wanafunzi niliowachapa kwa uongo mdogo kuliko huo.

Spana iko hapa, kando ya daftari. Saa moja asubuhi nitampelekea fundi, mimi mwenyewe. Nitabeba na ngazi, asije akasema mzee wa umri wangu hawezi kupanda.